Kimbunga Kilipiga Louisiana, Bei Ikapanda Georgia: Kwa Nini?

Tarehe 29 Agosti 2005, siku ambayo kimbunga Katrina kiliingia nchi kavu kusini mwa New Orleans, jimbo la Louisiana, wastani wa bei ya galoni moja ya petroli nchini Marekani, yaani takriban lita 3.8, ulikuwa dola 2.61. Wiki moja baadaye, tarehe 5 Septemba, ulikuwa umefika dola 3.07. Katika jiji la Atlanta, jimbo la Georgia, lililo zaidi ya kilomita 600 kutoka New Orleans, foleni zilifunga barabara na baadhi ya vituo vilipandisha bei hadi kupita dola 5. Mwenye gari aliyesimama kwenye foleni akimtazama mfanyakazi wa kituo juu ya ngazi, akibadilisha tarakimu za ubao wa bei, alikuwa na swali moja ambalo nasi tunaofanya kazi ya elimu kwa umma huulizwa karibu kila bei inapopanda: mafuta haya si ndiyo yaliyokuwa tangini jana, mbona jana yaliuzwa kwa bei nyingine?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake linaanzia mbali na kituo. Ghuba ya Mexico ilikuwa ikitoa takriban mapipa milioni 1.5 ya mafuta ghafi kwa siku, kiasi cha robo ya uzalishaji wote wa Marekani, na kimbunga kilisimamisha zaidi ya asilimia 90 ya uzalishaji huo. Hata hivyo, upungufu wa mafuta ghafi haukuwa ndio mzito kuliko yote, kwa sababu ghafi lilikuwepo katika akiba ya taifa. Kilichouma ni viwanda vya kusafishia. Vile vya Chalmette, Meraux, Belle Chasse na Pascagoula vilisimama kwa muda mrefu, na mafuta ghafi, hata yakijaa maghalani, hayaendeshi gari la mtu. Juu ya hayo, mabomba ya Colonial na Plantation, yanayosafirisha petroli na dizeli kutoka Ghuba hadi majimbo ya mashariki, yalisimama kwa kukosa umeme wa kuendesha pampu zake. Georgia inategemea mabomba hayo kwa sehemu kubwa sana, ndiyo maana Atlanta iliumia kabla ya miji mingine mingi iliyo mbali na pwani.

Sasa turudi kwa mwenye kituo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba petroli iliyomo tangini aliinunua kwa dola 2.40 kwa galoni na alikuwa akiiuza kwa dola 2.55. Asubuhi anapigiwa simu na msambazaji, anaambiwa lori linalofuata litakuja kwa dola 2.85, tena alipe kabla halijashusha. Akiendelea kuuza kwa bei ya jana, mauzo ya tangi zima hayatatosha kulijaza tangi lile lile, na kesho yake pampu zitakuwa zimefungwa. Kwa hiyo hapangi bei kwa kutazama stakabadhi ya lori lililokwisha kushusha. Anatazama ya lori linalokuja. Mwenye duka la unga anaifahamu hesabu hii, ingawa kwa kawaida wateja wake hawamwoni juu ya ngazi.

Je, hesabu hiyo inamsafisha kila mtu? La. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilichunguza bei hizo kwa agizo la Bunge na kutoa ripoti mwaka 2006, ikisema haikupata ushahidi wa njama iliyoenea ya kuchezea bei. Ilitaja mifano 15 ya wauzaji, kuanzia wasafishaji hadi vituo vya rejareja, ambao upandishaji wao wa bei uliingia katika tafsiri ya ulanguzi iliyowekwa na Bunge, ijapokuwa ilieleza kuwa karibu mifano yote hiyo ingeweza kuelezwa na hali ya soko la mahali husika. Kabla ya hapo, mwaka 2005 wenyewe, kampuni ya mafuta ya ExxonMobil ilitangaza faida ya karibu dola bilioni 9.9 kwa robo moja tu ya mwaka, na mwezi Novemba mwaka huo wakuu wa kampuni tano kubwa za mafuta waliitwa kuhojiwa na Baraza la Seneti. Kwa maoni yangu, hasira ya wananchi haikukosa msingi, ila ilimwangukia zaidi yule aliyekuwa karibu, mwenye kituo, ambaye katika mnyororo mzima ndiye mwenye nguvu ndogo kuliko wote.

Serikali hazikukaa kimya. Tarehe 2 Septemba nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Nishati zilikubaliana kutoa akiba ya mapipa milioni 60 kwa muda wa siku 30, na meli za petroli kutoka Ulaya zikaelekea Marekani, jambo lililosaidia kwa sababu petroli hiyo ilikuwa imekwisha kusafishwa. Georgia ilisitisha kwa muda kodi yake ya mafuta. Hawaii nayo, kwa sadfa ya ajabu, ilianza kutumia bei kikomo, yaani kiwango ambacho bei ya jumla hairuhusiwi kukipita, tarehe 1 Septemba. Lakini kwa kuwa kikomo chenyewe kilikokotolewa kwa kufuata masoko ya Marekani bara, masoko yalipopanda kikapanda nayo, na mwaka uliofuata utaratibu huo ukasitishwa.

Kwetu Tanzania, ambako EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Kenya, ambako mamlaka ya nishati na petroli, EPRA, hutangaza tarehe 14, mshtuko wa namna hii usingeonekana mchana ule ule. Ungechelewa, kisha uje kwa mkupuo, na katikati ya ngoja ngoja hiyo ndipo huzuka kishawishi cha kuficha mafuta hadi bei mpya itangazwe.

Jambo moja la mwaka 2005 bado linanisumbua. Bei iliyopanda senti 46 kwa wiki moja ilirudi pale ilipokuwa mwishoni mwa Oktoba tu. Ni kweli kwamba kimbunga Rita kilipiga mpaka wa Texas na Louisiana tarehe 24 Septemba na kuvuruga mambo upya. Lakini bei ya jumla inaposhuka, mwenye kituo yule yule aliyetuambia kuwa anauza kwa kutazama lori linalokuja hutuambia kwamba anamalizia kwanza yale aliyonunua kwa bei ghali, na ngazi hubaki imeegemezwa ukutani.