Karatasi hiyo haiendi kwa matroni

Juzi tena, kwenye kikao cha kupanga mafunzo, kiongozi mmoja wa hospitali alinishukuru kwa "kile kipindi chako cha kuwapa wauguzi nafasi ya kutoa ya moyoni". Alisema kwa nia njema kabisa. Lakini kauli hiyo nimeisikia mno, kwa wafadhili, kwa waganga wafawidhi, hata kwa wakunga wenzangu, na ikiachwa hivihivi itaiua kazi yenyewe.

Kutoa ya moyoni ni jambo jema, na mtu ana dada yake, ana rafiki, ana shehe au padri wa kumsikiliza. Ninachofanya wodini ni kingine. Nawakalisha pamoja watu waliokuwa kwenye tukio moja, kila mmoja anaandika kwa dakika 10 alichokiona yeye, kisha anasoma kwa sauti. Wanaosikiliza wanarudia walichosikia tu. Hawashauri, hawasahihishi, na hawatoi pole, angalau si mapema. Pole ya haraka hufunga mazungumzo: ukishaniambia "pole dada, ndiyo kazi yetu", mimi sina la kuongeza na wewe huna la kuuliza.

Chukua tukio hili, ambalo nimelibadilisha hapa na pale asitambulike mtu. Mama amejifungua, kondo limetoka, damu haikatiki. Oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, imetolewa, mfuko wa uzazi unakandwa, dripu mbili zinakwenda, damu imeombwa. Damu ikachelewa. Mama alipona, na kwa kuwa alipona hakuna aliyeitisha kikao, maana vikao vyetu vya mapitio hukaa kwa ajili ya waliofariki. Kilichobaki wodini ni kauli moja: watu wa maabara ni wazembe.

Walipoandika, mkunga aliandika uzembe wa maabara. Mtu wa maabara aliandika kwamba fomu ilimfikia haina sahihi ya daktari, akairudisha, akawa anaingoja huku chupa ya sampuli iko mezani mbele yake. Mhudumu wa wodi, ambaye ilibidi nibishane na muuguzi kiongozi ndipo akaruhusiwa kukaa nasi, aliandika mistari michache tu. Alirudi na fomu mbio. Alimkuta daktari mtarajali, yaani aliye bado mafunzoni, ameinama, glovu zimelowa damu. Akaogopa kumwambia mbele ya watu kwamba amesahau kusaini. Akasimama mlangoni, fomu ameikunja mkononi, anasubiri mtu amtazame. Ikafika zamu ya mtarajali kusoma: "Nilimwona dada wa usafi mlangoni, nikadhani anashangaa. Nilitaka kumfukuza."

Hayo hayamo kwenye faili. Faili linasema damu iliombwa saa fulani, ikapatikana saa fulani. Daftari la ripoti la kukabidhiana zamu halina mhudumu hata mmoja ndani yake. Hata kama watu wanne wale wangelia kila mmoja peke yake nyumbani kwake, asingejua yeyote kwamba fomu ilikuwa hatua tano kutoka kwa aliyepaswa kuisaini. Wodi ile ilikubaliana mambo mawili siku ileile: fomu ikaguliwe kabla haijatoka, na anayerudi kutoka maabara aseme kwa sauti akiwa mlangoni, hata kama daktari bingwa yumo.

Rita Charon, daktari wa magonjwa ya ndani wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alianza mwaka 1993 kuwataka wanafunzi wake waandike kwa lugha ya kawaida yale yasiyoweza kuingia kwenye faili la mgonjwa. Naye alisisitiza kwamba maandishi hayo yafungamane na mgonjwa fulani, si shajara ya mtu binafsi. Watu hukumbuka kwamba aliwaambia wanafunzi waandike, wakasahau sharti lake.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo yeye hakukutana nalo. Mafaili yetu ni ya Kiingereza. Muuguzi anayesimulia vizuri kabisa akiwa kantini, mpe kalamu uone: "mgonjwa alipokelewa akiwa katika hali mbaya, alihudumiwa kwa mujibu wa taratibu". Ameandika Kiswahili, lakini faili bado limo kichwani. Hapo namwuliza: ulikuwa umesimama wapi? Nani alikuwa kulia kwako? Ulikuwa umeshika nini? Maswali ya namna hiyo hunichukulia karibu nusu ya muda wote, na siyajutii.

Sasa matroni, yaani muuguzi mkuu wa hospitali. Ukimwambia mfanyakazi wa hospitali zetu "andika kilichotokea", anasikia barua ya kujieleza. Ameshaona wenzake wakiitwa ofisini na karatasi hiyohiyo. Ataandika kama mshtakiwa: saa, jina la aliyechelewa, na ushahidi kwamba yeye hakuwepo. Ndiyo maana nakataa, kila mara, ombi la kuacha nakala kwa ajili ya kumbukumbu. Nakataa hata likiletwa na mtu ninayemheshimu, hata likiitwa ufuatiliaji na tathmini. Karatasi anaondoka nayo aliyeiandika, au anaichana palepale. Nakala moja ikiingia kwenye kabati la ofisi, kikao kinachofuata kila mtu ataandika kwamba alifuata taratibu, na hapo bora watu warudi kazini kuhudumia wagonjwa.

Mwanazuoni wa Marekani Amy Edmondson, katika miaka ya 1990, alilinganisha wodi kwa makosa ya kutoa dawa. Alitarajia timu zenye maelewano mazuri ziwe na makosa machache. Akakuta ndizo zinazoripoti mengi zaidi, na kilichoelekea kulielezea hilo ni kwamba huko watu hawakuogopa kusema. Nawaomba viongozi wakumbuke hilo kabla hawajadai kuona idadi ya makosa ikishuka baada ya mafunzo yangu.

Je, kuandika huku kunaokoa maisha? Siwezi kuapa. Tafiti nyingi ni ndogo, na zinawauliza washiriki wenyewe kama wameona faida. Orodha ya ukaguzi ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO), iliyojaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa St Francis ya Ifakara, ina namba za kuonyesha: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ndani yake mna hatua ya kila mtu kutaja jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi, jambo linalonipa moyo. Lakini orodha si masimulizi, na mimi sina namba kama hizo.

Tena kuna hatari. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu kikao kimoja cha kuwahoji watu muda mfupi baada ya tukio la kutisha hayakuona kwamba kinazuia athari za baadaye; katika baadhi ya tafiti waliohojiwa walikuwa na hali mbaya zaidi. Kwa hiyo sigusi kifo cha jana. Anayetaka kuanza aanze na tukio ambalo mgonjwa alipona, watu sita hivi, na mhudumu awe mmoja wao.

Linalonisumbua bado ni zamu ya usiku. Mambo mengi hutokea usiku, wakiwa wachache, na asubuhi wanaondoka kulala wakati mimi ndiyo naingia. Nikiwazuia saa moja wabaki nawaonea. Nikiwaita siku yao ya mapumziko nawaonea zaidi. Nimekuwa nikifanya kazi na watu wa mchana, halafu tunasimulia usiku wa wenzetu ambao hawapo.