Samaki mwenye mdomo upande

Wiki iliyopita, pale mwalo wa Kibirizi, kijana mmoja aliniita: "Dokta, njoo umwone kilema." Wavu wake ulikuwa umepita karibu na mawe, na katika vijisamaki alivyotaka kuvitupa alikuwemo mmoja wa kutosha kiganjani, mdomo umepindia kulia kabisa.

Si kilema. Huyo ni Perissodus microlepis wa Ziwa Tanganyika, na kwangu anafundisha uteuzi asilia, yaani jinsi viumbe wenye sifa inayowafaa wanavyozaa zaidi na kuirithisha, vizuri kuliko twiga na shingo yake.

Chakula chake ni magamba ya samaki wengine. Humnyemelea mwenzake kwa nyuma, akamrukia ubavuni, akanyofoa, akatoweka. Aliyepinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto. Aliyepinda kushoto hushambulia wa kulia. Ukitaka kuamini, simama nyuma ya mtu, kidogo upande wake wa kushoto: mbavu zake utazikuta kulia kwako.

Sasa tuseme wa kulia wamezidi. Samaki wanaonyofolewa watazoea kuviziwa kushoto, na macho yao yatakaa huko. Wale wachache wa kushoto wanapita upande usiolindwa, wanashiba, wanazaa, na watoto wengi wanarithi mdomo wao. Wakishakuwa wengi, ulinzi nao unawahamia. Mjapani Michio Hori aliwahesabu kwa miaka kadhaa akakuta makundi hayo mawili yakipanda na kushuka kwa zamu, karibu na nusu kwa nusu. Matokeo yake yalitoka katika jarida la Science mwaka 1993.

Ndiyo maana nakereka nikisikia "mwenye nguvu ndiye anayebaki". Mdomo upi hapa una nguvu? Wowote ule, mradi wenye nao ni wachache. Uteuzi hapa haufuti tofauti, unazitunza. (Mabishano bado yapo: urithi unachangia, lakini majaribio ya maabara yameonyesha kwamba mazoea ya kuwinda upande mmoja nayo huzidi kuupinda mdomo.)

Kijana alinisikiliza, kisha akapekua ndoo na kutoa wengine watatu. Wawili kulia, mmoja kushoto.

"Kwa hiyo dokta, mwaka huu wa kulia ndio wengi?"

Nikamwambia samaki wanne hawatoshi hata kitoweo, sembuse jibu.

"Basi kesho nakuwekea ndoo nzima."