Okapi hakuwa hadithi

Wiki iliyopita kijana anayesomea uandishi wa habari alinijia nyumbani, hapa Himbi, mtaa wa Goma, simu yake ikiwa tayari kurekodi. Alitaka habari za mokele-mbembe, yule mnyama wa shingo ndefu anayesemekana kujificha kwenye vinamasi vya Kongo. Aliposikia kwamba simwamini, akanitolea ile hoja iliyonichosha masikio: "Lakini Papa, si hata okapi alikuwa hadithi mpaka Wazungu walipomvumbua?"

Nimefuata nyayo na kutega kamera porini kwa miaka mingi, na maneno hayo nimeyasikia kwa wageni, kwa wanafunzi, hata kwa wenzangu wa kazi. Sasa nayajibu.

La haraka kwanza. Mokele-mbembe hutafutwa zaidi kwenye Ziwa Tele, huko Likouala, na Likouala iko Kongo-Brazzaville. Toka Goma ni zaidi ya kilomita 1,300. Wanaoniomba pisteri, yaani mfuata nyayo, wa kuwafikisha huko wamekosea nchi.

Turudi kwa okapi, mnyama wa msituni mwenye ngozi ya mistari. Alikuwa hadithi kwa nani? Henry Morton Stanley, mvumbuzi wa Kizungu, katika kitabu kilichotoka mwaka 1890, aliandika kwamba Wambuti, wenyeji wa msitu wa Ituri, wanamjua mnyama kama punda, wanamwita atti, na mara nyingine humnasa kwenye mashimo. Wana jina lake, wana mtego wake. Anayenasa mnyama kwa shimo anajua anapopita, anajua uzito wake, anajua nyama yake ikoje. Hadithi haichimbiwi shimo.

Yaliyofuata ndiyo yanayoniudhi, maana wawindaji wa viumbe vya ajabu huyaruka. Mwaka 1900 Harry Johnston, mwakilishi wa serikali ya Uingereza huko Uganda, aliingia Ituri kumtafuta mnyama huyo. Kichwani alikuwa na farasi wa msituni. Wenyeji wakamwonyesha nyayo mbichi, na kwato zilikuwa zimepasuka katikati kama za ng'ombe. Yeye alitazamia kwato nzima ya farasi. Akaona wanampotosha, akazikataa. Zilikuwa nyayo za okapi kweli! Hata vipande vya ngozi yenye mistari alivyopeleka London vikadhaniwa vya aina mpya ya pundamilia, mnyama akapewa jina la ukoo wa farasi. Mwaka 1901 ilipofika ngozi kamili pamoja na mafuvu, kwa msaada wa Karl Eriksson, ofisa Mswidi, ndipo wakakubali kwamba huyu ni ndugu wa twiga.

Kwa hiyo aliyechelewesha mambo ni mtafutaji mwenyewe, kwa picha aliyokuja nayo. Ukinitajia okapi kama ushahidi wa mokele-mbembe, umenitajia ushahidi dhidi yake.

Tazama picha wanayokwenda nayo Ziwa Tele. Mwaka 1905 nakala ya mifupa ya dinosaria mkubwa, Diplodocus, iliwekwa kwenye jumba la makumbusho London, na baada yake Berlin na miji mingine. Mwaka 1909 Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, akaandika kwamba amesikia habari za mnyama wa namna hiyo Afrika ya Kati. Wakati ule wataalamu walidhani dinosaria wa shingo ndefu walikaa majini kwa sababu ya uzito wao. Leo tunajua walitembea nchi kavu. Sayansi imejirekebisha, mokele-mbembe amebaki majini na kosa lile lile la zamani. Roy Mackal, mwanabiolojia wa Marekani, alikwenda Likouala mwaka 1980 na 1981, akarudi na masimulizi. Mfupa hakuna.

Simsemi vibaya mtu wa Likouala. Ukimwonyesha mwenyeji wako mchoro na kumuuliza "ni huyu?", umeshamjibia. Muulize mama anayeuza sambaza, samaki wadogo, hapa Goma, bila mchoro wowote: atakwambia huvuliwa usiku kwa taa, kwamba mbalamwezi ikiwaka mavuno hupungua, na bei ya leo. Kwa mnyama anayeishi na watu, maelezo huja hivyo, pamoja na bei.

Kuhusu nyayo kubwa za ajabu, nimeletewa picha nyingi. Tembo akitembea, mguu wa nyuma hukanyaga karibu kabisa na alipokanyaga wa mbele. Kwenye tope alama mbili huungana zikawa moja ndefu, kingo zikaporomoka, mvua ikachimba ncha zinazofanana na makucha. Weka utepe wa kupimia, halafu inama utazame mikunjo ya ngozi ya unyayo iliyochapwa chini, kama nyufa za udongo uliokauka. Mara nyingi bado ipo.

Lakini niseme na la upande wangu. Kamera kutoona mnyama si dhibitisho kwamba hayupo. Nimewahi kutega kwa miezi mahali penye mavi mabichi ya chui nisipate hata mkia. Okapi wa mbuga ya Virunga, hapa kwetu, alikaa karibu miaka 50 bila uthibitisho, mpaka dalili zake zilipoonekana 2006 na kamera kumnasa 2008. Na kutambua mavi ya swala wadogo kwa macho ni kubahatisha kuliko tunavyoandika kwenye ripoti. Vinasaba vimetuumbua mara nyingi.

Nakumbuka mzee mmoja, pisteri, alichuchumaa njiani, akavunja punje moja ya mavi kwa ukucha, akanusa. "Mboloko," akasema, yaani swala mmoja mdogo wa msituni. Niliona punje ni kubwa mno kwa mboloko, nikaandika mnyama mwingine kwenye daftari, mbele yake. Hakubishana, alijipangusa mikono tu. Baada ya miezi miwili nilifungua kadi ya kamera ya njia ile ile: mboloko usiku, mboloko alfajiri, mboloko na mtoto wake. Yule niliyemwandika hakuonekana hata mara moja. Nilimpelekea mzee zile picha, nikamwomba radhi. Akaziangalia moja moja, kisha akaniuliza kama nimeshafuta kwenye daftari.