Bajeti Haikuimeza Hadithi ya The God of High School

Kuna imani ambayo imenichosha: kwamba studio ya MAPPA, ilipotengeneza anime (katuni ya Kijapani) ya The God of High School mwaka 2020, ilimimina fedha zote kwenye mapigano, na zamu ya hadithi ilipofika mfuko ukawa mtupu. Nimeambiwa hivyo na mashabiki, nimeambiwa na wateja wanaotaka tangazo la sekunde 30 lenye "mapigano ya bajeti kubwa", na sasa nimeambiwa na mwanafunzi wangu mwenyewe, ambaye amekwisha kuchora fremu za kati, yaani michoro ya kujaza mwendo baina ya fremu kuu, za kutosha kujua kwamba mwandishi na mchoraji hawapakuliwi kutoka sufuria moja. Basi naandika mara moja, ili atakayeuliza tena nimtumie kiungo nami niendelee na kazi.

Kwa asiyeifahamu: ni anime ya episodi 13, iliyorushwa kuanzia Julai hadi Septemba 2020 chini ya uongozi wa Sunghoo Park, ikitokana na webtuni (katuni ya kusomwa mtandaoni) ya Mkorea Yongje Park iliyoanza kuchapishwa kwenye mtandao wa Naver mwaka 2011 na kumalizika 2022. Vijana wa sekondari wanashindana katika mashindano yanayoruhusu sanaa yoyote ya mapigano na silaha yoyote, na mshindi anaahidiwa kutimiziwa matakwa yake. Jin Mo-Ri anapiga taekwondo aliyofundishwa na babu yake, Han Dae-Wi anapiga karate, na Yoo Mi-Ra anatumia upanga wa ukoo wake. Wanakutana, wanapigana, wanakuwa marafiki, na kabla hujakariri majina yao vizuri miungu imekwisha kushuka.

Sasa turudi kwenye fedha. Idadi ya episodi huamuliwa na wenye mradi kabla ya mchoraji yeyote kugusa kalamu. Baada ya hapo mpangaji wa hadithi huigawa kazi asilia katika idadi hiyo, skripti huandikwa, stori-bodi (mpango wa picha wa kila shoti) huchorwa, na ndipo wahuishaji wa fremu kuu, wanaochora mikao mikuu ya mwendo, hukabidhiwa shoti zao. Kwa hiyo hadithi ya anime hii ilikatwakatwa wakati ambapo hakuna teke hata moja lililokuwa limechorwa. Isitoshe, nchini Japani mhuishaji wa fremu kuu kwa kawaida hulipwa kwa shoti, na wa fremu za kati kwa karatasi, na shoti ya watu wawili wakipigana huku kamera ikiwazunguka mara nyingi hailipwi kwa kadiri ugumu wake unavyozidi ule wa shoti ya mtu aliyeketi. Mapigano mazuri hupatikana pale mwongozaji anapofahamiana na wachoraji wenye uwezo, wachoraji hao wakakubali kuja, na ratiba ikawapa nafasi. Fedha zina umuhimu wake, sikatai, lakini shabiki anayetazama shoti nzuri na kutamka "bajeti" amemtaja mhasibu na kumsahau mchoraji.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Episodi moja huchukua nafasi ya dakika 24 hivi, na ukitoa nyimbo za kufungulia na kufungia unabaki na dakika kama 21. Zidisha kwa 13, unapata saa nne na nusu, na ndani ya saa hizo zimesongwa sura zaidi ya 100. Ungeyafuta mapigano yote ukaweka mazungumzo matupu, saa zingebaki zile zile. Naongeza tahadhari moja ambayo wapenda hesabu huiruka: sura ya webtuni husomwa kwa kuteremsha skrini, ina nafasi nyingi tupu kati ya picha, na pigano moja laweza kuenea sura kadhaa ambazo kwenye skrini ni dakika tatu tu. Hivyo idadi ya sura peke yake si ushahidi wa kutosha. Hata hivyo, mwongozaji huyu huyu, katika studio hii hii, alianza kurusha anime nyingine ya mapigano, Jujutsu Kaisen, Oktoba ya mwaka ule ule. Huko alipewa episodi 24 kwa sura za manga zipatazo 60, na sijasikia mtu akilalamika kwamba mapigano ya huko yalikula hadithi.

Tena, mwaka huo Crunchyroll, huduma ya kutazama anime mtandaoni, ilitoa anime tatu kutokana na webtuni za Kikorea: Tower of God, The God of High School na Noblesse. Studio zilikuwa tatu tofauti, kila moja ilipata episodi 13, na zote tatu zililaumiwa kwa kuharakisha hadithi. Tower of God ni hadithi ya mitihani na hila zaidi kuliko ngumi. Huko fedha zilikwenda wapi?

Jambo linaloniudhi zaidi kuliko bajeti ni neno "kasi" linavyotumiwa ovyo. Watu husema anime hii ina kasi, wakimaanisha mapigano, kisha husema ina kasi, wakimaanisha hadithi, kana kwamba ni sifa moja, wakati katika mapigano kasi hiyo imetengenezwa kwa kupunguza mwendo mahali panapostahili.

Tazama teke la mzunguko la Mo-Ri. Sekunde ina fremu 24, na kwa kawaida kila mchoro hushikiliwa kwa fremu mbili au tatu, yaani michoro 12 au minane kwa sekunde. Anayeanza hudhani teke la haraka linahitaji michoro mingi, kumbe ni kinyume: michoro mingi hupewa maandalizi, pale mguu wa chini unapogeuka kisigino kikitangulia, nyonga inafunguka na goti linapanda, kwa sababu hapo ndipo macho ya mtazamaji yanapojifunza nguvu inatoka wapi. Safari yenyewe ya mguu hewani hupewa mchoro mmoja au miwili, tena iliyovutwa hadi mguu hautambuliki. Kisha pigo hushikiliwa, fremu tatu au nne za utulivu au za mtikisiko mdogo, ndipo mwili upewe ruhusa ya kuondoka. Ukiondoa maandalizi na ule mshiko, unabaki na miguu inayopita hewani bila kumgusa mtu.

Wahuishaji wa anime hii walilijua hilo, na walijua zaidi ya hilo. Katika episodi za mwanzo waliwapa wahusika watatu miili mitatu tofauti. Mo-Ri ni mwepesi, anarukaruka, uzito wake uko tayari kuhama. Dae-Wi amejikita ardhini na nguvu zake hupanda kutoka miguuni hadi ngumini. Mi-Ra hupima umbali kwanza, kama inavyompasa mwenye upanga. Zima sauti, wafunike nyuso, bado utawatambua. Aidha, kamera mara nyingi haikatwi wakati wa pigo, bali huzunguka pamoja na wapiganaji, jambo linalolazimisha mandhari nzima ichorwe upya au ijengwe kwa 3D, na faida yake ni kwamba mtazamaji hapotezi kamwe mahali palipo mguu wa anayepigwa.

Nikiri lisiloandikwa vitabuni: hakuna anayejua kwa hakika kwa nini mshiko wa fremu tatu huuma na wa fremu nne ukafa, au kwa nini kesho yake ikawa kinyume. Tunajaribu, tunatazama, tunafuta. Katika anime hii zimo shoti nilizozipitia fremu kwa fremu na ambazo kwa kanuni zangu hazipaswi kufanya kazi, lakini zinafanya. Zimo pia za kinyume chake, ambapo kamera inazunguka kwa kupenda kuzunguka, hadi jicho linachoka na pigo kubwa linapita kama pigo dogo.

Hadithi, kwa upande wake, imenyimwa maandalizi na imenyimwa mshiko. Ndoa ya Mi-Ra inatangazwa na kuvurugwa ndani ya muda wa episodi moja hivi. Rafiki wa Dae-Wi anakufa kwa saratani kabla hatujamfahamu vya kutosha kumhuzunikia, na kama pigano la Dae-Wi na Mo-Ri linalofuata bado linachoma, ni kwa sababu mchoraji ameiweka huzuni mabegani mwa Dae-Wi baada ya skripti kushindwa kuiweka mahali pengine. Ile teknolojia ya kuponya majeraha mara tu pambano linapokwisha, inayofanya kuvunjika mbavu kuwe usumbufu mdogo, siihesabu kuwa kosa la anime, kwa kuwa imetoka kwenye webtuni.

Halafu inakuja charyeok, nguvu za kuazimwa kutoka kwa miungu na viumbe wa kale. Inaelezwa kwa haraka, inaenea kwa haraka zaidi, na inaharibu kile kile ambacho wahuishaji walikuwa wamekijenga. Zinapotokea hizo nguvu, pigo halitoki tena nyongani. Linatoka kwa jitu lililosimama nyuma ya mpiganaji. Katika episodi za mwisho, dhidi ya Jegal Taek, Mo-Ri anapojulikana kuwa Sun Wukong, yule Mfalme wa Nyani wa hadithi za Kichina, hakuna ardhi ya kukanyagia, na uzito usio na ardhi hauchoreki, hata ukileta wachoraji bora duniani. Haraka ya hadithi imewafikisha huko katika episodi 13, wakati tulikuwa tumeanza tu kufurahia visigino.

Sina hakika kwamba episodi 26 zingeiponya. Webtuni yenyewe ina haraka ya kufika kwa miungu, na sehemu zake za mwanzo ni nyembamba kiasi kwamba haraka huzisaidia: Mo-Ri akiwa juu ya baiskeli akimkimbiza mwizi wa mkoba mwenye pikipiki ni mwanzo mzuri kwa sababu hakuna anayesimama kueleza lolote. Hapo nisingegusa kitu. Ningeomba dakika tano tu kando ya kitanda cha hospitali, Dae-Wi na rafiki yake wakizungumza mambo ya kijinga. Hizo ni picha mbili zilizotulia, midomo inasogea, michoro minane kwa sekunde ikizidi, na mchoraji mmoja wa kawaida angezimaliza zote huku wenzake bado wanahangaika na teke moja la Mo-Ri.