Vigezo si masharti

Juzi jirani yangu mwenye nyumba ya wageni alinionyesha kwenye simu ukurasa wa mkandarasi wa vifaa vya kuzimia moto. Akasema kwa furaha, "Nimeshakidhi vigezo na masharti yao." Alichokuwa amefanya ni kuweka vema kwenye kisanduku.

Masharti ya matumizi ni maneno ya mwenye tovuti au huduma: ukitaka kutumia hiki changu, utatumia kwa makubaliano haya. Ndiyo hayo tu. Ugomvi wangu ni na ule msemo wa "vigezo na masharti kuzingatiwa", unaosomwa mbio redioni mwisho wa tangazo hadi maneno mawili yamegandana yakawa moja. Na azingatie nani? Hatuambiwi.

Kigezo kimetoka kwenye kugeza, yaani kuiga kitu au kukilinganisha na kingine. Ni kipimo. Mtungi wa kuzimia moto wa poda hutazamwa mshale wa geji kama uko kwenye kijani. Wa kabonidayoksaidi hauna geji, kwa hiyo hupimwa uzito. Umefika au haujafika. Hapo hakuna aliyemwahidi mwenzake kitu.

Sharti tumelitoa kwenye Kiarabu, na waliopita madrasa wanalijua vizuri kuliko wanasheria wengi. Mwalimu hutenganisha sharti la sala na nguzo ya sala. Rukuu ni nguzo, imo ndani ya sala yenyewe. Udhu ni sharti: unautia kabla hujaanza, si sehemu ya sala, lakini ukikutoka katikati sala haisihi tena. Mganga naye akikupa dawa akakwambia usile pweza mpaka mwezi uandame, dawa umeshaibeba, sharti ndilo linabaki mikononi mwako. Ukilivunja, usirudi kumlaumu.

Mkandarasi wa moto anasema vivyo hivyo kwa lugha ya ofisini: nitadhamini king'ora hiki mwaka mzima, sharti kisifunguliwe na fundi mwingine. Sasa king'ora kinaweza kukidhi kila kigezo, kikalia vizuri kabisa, na dhamana ikawa imekufa tangu siku kijana wa mtaani alipokifungua kubadilisha betri. Ndiyo maana vigezo tunavikidhi, masharti tunayatimiza, tena tunaendelea kuyatimiza.

Kuna na kosa la pili, hili si la lugha. Masharti ya ukurasa kwa kawaida huhusu ukurasa: maelezo ya humu ni ya jumla, si ushauri kwa jengo lako, usitumie fomu hii kuripoti moto. (Kwetu Tanzania ukiona moto unapiga 114, Zimamoto, hujazi fomu.) Kazi ya kufunga vihisi moshi chumba kwa chumba ina mkataba wake, nao unasimama juu ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayotaka pande mbili ziwe zimeridhia kwa hiari. Vema yake ile haikugusa chumba hata kimoja.

Nikamrudishia simu yake. "Kaka, hapa umekubali masharti ya kusoma ukurasa. Ya king'ora bado hawajakuletea. Wakileta, kabla hujasaini, waulize nani anaruhusiwa kubadilisha betri."