Kumtafuta babu Ujerumani na watoto mkononi: kijiji kwanza, tiketi baadaye

Familia zinazonijia kupanga safari ya Ujerumani huwa na haja mbili. Watoto wanataka treni za kasi, makasri na aiskrimu. Wakubwa wanataka kujua yule Mjerumani wa shamba la kahawa, aliyeacha mtoto Usambara kisha akapotea na vita, alitoka kijiji gani. Haja zote mbili zinaingia kwenye safari moja, ila nawaambia wasikate tiketi kabla hawajakijua kijiji.

Kumbukumbu za uzazi, ndoa na vifo za Ujerumani zimewekwa kwa mahali, si kwa nchi. Hakuna ofisi moja utakayoitajia "Schmidt" ikakuletea ukoo wake. Unahitaji mji au kijiji, dhehebu na angalau makisio ya mwaka wa kuzaliwa. Ukiwa na hayo njia ni fupi: daftari za serikali zilianza Prussia, sehemu kubwa kuliko zote ya Ujerumani ya wakati ule, Oktoba 1874 na kwingineko Januari 1876, na za uzazi huwa wazi kwa mtu yeyote baada ya miaka 110. Mzee aliyezaliwa 1880 hana siri tena. Aliyezaliwa kabla daftari hizo hazijaanza utamkuta kwenye vitabu vya kanisa, ambavyo vingi vimo mtandaoni: vya Kikatoliki hasa kwenye Matricula bila malipo, vya Kilutheri hasa kwenye Archion kwa kulipia.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi inafanyika huku nyumbani, na wa kwanza wa kuulizwa ni wazee. Shangazi wa miaka themanini ana thamani kuliko tovuti kumi. Muulize jina walilomwita yule Mzungu, hata kama limegeuka "Shimiti", shamba liliitwaje, na mtoto alibatizwa wapi. Ubatizo ndio ufunguo. Mwaka 1906 serikali ya kikoloni ilizuia ndoa kati ya Wazungu na Waafrika, hivyo usitegemee kulikuta jina la bibi kwenye daftari la ndoa kule Ujerumani. Kama kuna mahali baba na mtoto wanatajwa pamoja, basi huenda ikawa ni kitabu cha misheni, na hata huko wakati mwingine padri au mchungaji aliandika la mama peke yake.

Misheni zenyewe ziligawana nchi, na nyaraka zake zimetawanyika vivyo hivyo. Za Bethel, waliokuwa Usambara, ziko Wuppertal. Za Leipzig, waliofika Kilimanjaro 1893, ziko Halle. Wamoravian wa Rungwe wana hazina yao Herrnhut, mji mdogo karibu na mpaka wa Poland. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda ni wa abasia ya Mtakatifu Ottilien, magharibi mwa München.

Dar es Salaam, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inatunza mafaili ya utawala wa Kijerumani, yakiwemo ya ardhi na mashamba. Upande wa Berlin, mafaili ya wizara ya makoloni yako Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, chini ya alama R 1001, na mengi unaweza kuyasoma mtandaoni ukiwa umekaa Tanga. Tafuta kwa majina ya wakati ule: Lushoto iliitwa Wilhelmsthal, Tukuyu ni Neu-Langenburg, Moshi iliandikwa Moschi. Mwandiko wa mkono wa enzi hizo, Kurrent, hausomeki hata na Wajerumani wengi wa leo, kwa hiyo tenga fedha kidogo za kumlipa msomaji.

Ukishapata jina la kijiji, lipitishe kwenye Meyers, orodha ya mahali pa dola ya Kijerumani ya mwaka 1912, ambayo iko mtandaoni. Miji inayoitwa Neustadt iko mingi. Zaidi ya hapo, Breslau ya babu leo ni Wrocław, Poland, na Königsberg ni Kaliningrad, Urusi, na Urusi ina viza yake nyingine kabisa. Hilo si jambo la kuligundua ukiwa uwanja wa ndege.

Sasa safari yenyewe. Napendelea vituo viwili au vitatu vya kulala, si kila siku hoteli mpya. Hamburg inafaa kuanzia, kwa sababu meli za Deutsche Ost-Afrika-Linie zilitoka hapo, na watoto watakaa saa nyingi Miniatur Wunderland, ulimwengu wa treni ndogondogo ndani ya maghala ya zamani ya Speicherstadt. Wekeni nafasi mapema.

Berlin ndipo haja zote mbili zinapokutana. Kwenye ukumbi wa jumba la makumbusho ya viumbe asilia, mtaa wa Invalidenstraße, imesimama mifupa kamili ya Giraffatitan, dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13. Ametoka Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya watu wetu walichimba, na wapagazi wakaibeba mifupa kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wao mashuhuri alikuwa Boheti bin Amrani. Mwambie mtoto hayo mbele ya lile goti lililo juu ya kichwa cha baba yake, na hatakuuliza tena kwa nini mmekuja kutafuta watu wa zamani. Kama mifupa ile irudi ama isirudi, mtabishana kwenye treni. Mimi naona irudi.

Kwenye nyaraka apelekwe mtu mmoja, au wawili wanaopenda vumbi, asubuhi tu, wengine waende bustani ya wanyama. Agizeni mafaili kabla ya kufika, maana hamtayakuta mezani yakiwasubiri. Jumapili maduka karibu yote hufungwa, basi nunueni maziwa ya mtoto Jumamosi.

Kuhusu viza ya Schengen: maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Kwa likizo ya Juni, anza kukusanya karatasi Januari. Ada ni yuro 90 kwa mwenye miaka 12 na zaidi, 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na walio chini ya hapo hawalipi. Bima ya matibabu iwe ya yuro 30,000 au zaidi. Andika kuwa ni matembezi ya familia, kwa sababu ndivyo ilivyo. Habari za uraia zina sheria zake na wanasheria wake.

Jambo linalowashtua wengi ni makaburi. Kule kaburi kwa kawaida hukodishwa, mara nyingi kwa miaka 20 hadi 30, na lisipolipiwa tena hupewa mwingine. Familia inafika na shada la maua mkononi, inakuta jiwe la mtu mwingine, na bibi anaanza kulia. Waandalieni wazee hilo mapema. Badala ya kaburi, tafuteni kanisa alikobatizwa. Mara nyingi bado lipo, na ukimwandikia mchungaji barua pepe wiki chache kabla, utamkuta na funguo.

Na kama mmepata ndugu walio hai, msiwabishie hodi mkiwa tisa na mabegi. Tumeni barua ya ukurasa mmoja kwa Kijerumani, na picha ya zamani, mkisema wazi kuwa hamtafuti mali wala shamba, mnataka kuwasalimu tu na kuona picha zao. Wapeni namba ya simu na tarehe mtakazokuwepo. Wakijibu, mwende wawili kwanza, mkubwa wa familia na anayejua lugha. Wasipojibu, msiende.