Wimbi: kinachosafiri si maji

Keti ufukweni asubuhi, upepo ukiwa umetulia, utazame kifuu cha nazi kinachoelea nje kidogo ya pale mawimbi yanapovunjikia. Wimbi likija, kifuu kinapanda na kusogea mbele. Likishapita, kinashuka na kurudi nyuma, karibu palepale kilipokuwa. Bila mkondo wala upepo wa kukisukuma, mawimbi mia yatakipita nacho kisifike mchangani. Maji yaliyo chini yake yanafanya vivyo hivyo: yanazunguka na kurudi. Kilichoendelea na safari ni nishati.

Hiyo ndiyo maana ya wimbi katika fizikia: msukosuko unaosafiri na kubeba nishati, huku kile unachopitia kikibaki mahali pake. Wengi tuliikariri darasani bila kukitazama kifuu, na nadhani ndiyo sababu haikutuingia.

Vipimo vyake ni vichache. Umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata ni urefu wa wimbi. Idadi ya vilele vinavyopita mahali pamoja kwa sekunde ni masafa, nayo hupimwa kwa hezi. Kimo ni kiasi ambacho kilele kimepanda juu ya usawa wa maji yaliyotulia. Zidisha urefu wa wimbi kwa masafa, utapata kasi. Kama vilele vimeachana mita 60 na kimoja kinakupita kila sekunde 10, yaani masafa ni hezi 0.1, wimbi linakwenda mita 6 kwa sekunde.

Mawimbi hutofautiana kwa namna yanavyotikisa. Funga kamba kwenye mti, ishike ncha ya pili uitikise juu na chini: wimbi linakwenda kwenye mti, kamba yenyewe inapanda na kushuka, ikikingamana na njia ya wimbi. Sauti haiko hivyo. Ngozi ya ngoma inapotetema husukuma hewa na kuivuta, na hewa hubanana na kuachiana kwa kufuata njia ileile ya sauti. Wimbi la bahari lina yote mawili, ndiyo maana kifuu kinazunguka.

Mwanga na redio ni jamaa nyingine kabisa. Hapo kinachotetema ni nguvu za umeme na sumaku, na hakihitajiki kitu cha kupitia. Ndiyo maana mwanga wa jua unatufikia kupitia anga tupu, kwa kasi ya karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Sauti hewani inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, kisha gawa kwa 3: hizo ni kilomita zilizopo kati yako na radi.

Kuna harusi mtaa wa pili, na unachosikia chumbani ni besi tu, maneno ya wimbo hayafiki. Besi ya hezi 50 ina urefu wa karibu mita 7, hivyo inaizunguka nyumba kwa urahisi, tena kuta na hewa huipunguza kidogo kuliko sauti nyembamba. Sauti nyembamba, zenye mawimbi ya sentimita chache, huzibwa na kuta.

Mfano unaonigusa zaidi ni tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko lilitokea karibu na Sumatra, kisiwa cha Indonesia, na mchana wa siku hiyohiyo bahari ilipanda Somalia, Kenya na Tanzania. Maji ya Sumatra hayakuja kwetu. Wimbi la namna hii ni refu sana, na kasi yake hutegemea kina: penye mita 4,000 linakwenda zaidi ya kilomita 700 kwa saa, kama ndege ya abiria. Katikati ya bahari kimo chake hakikufika mita 1, na baharia angeweza kupitiwa nalo asijue. Likikaribia pwani, kina kikipungua hadi mita 10, kasi hushuka hadi kilomita 36 hivi kwa saa. Sehemu ya nyuma inaifikia ya mbele, nishati inabanana, wimbi linainuka, na hapo ndipo maji yenyewe yanapoingia nchi kavu kwa wingi. Wakati mwingine bonde la wimbi hutangulia kilele, na bahari hukauka ghafla, samaki wakabaki wazi mchangani. Ukiyaona hayo, usiwafuate samaki. Kimbilia mlimani.